Mbwa Asiyenguruma

4 Machi

Mwanangu Shwari,

Nimefika salama. Basi lilichelewa, mguu umevimba kidogo kwa kukaa, na mama yako mdogo alikuja kunipokea na mwavuli ilhali hakukuwa na wingu hata moja. Unamjua. Nimepewa chumba cha mbele, na keshokutwa naonana na daktari wa vidonda kuhusu huu mguu. Usianze kunihesabia siku.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mimi na simu tumeachana. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linakufa kwa awamu, na zile herufi za ujumbe ni ndogo kama mayai ya chawa. Dereva wa basi amekubali kutubebea barua mara mbili kwa wiki. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni letu, kwa hiyo hana pa kukatalia.

Sasa, Sajenti. Anakula asubuhi na jioni. Hapendi kubebwa. Analala kwenye mkeka wangu mlangoni mwa chumba, msimhamishe. Nimekaa naye miaka tisa, tangu mwezi niliostaafu, na hajawahi kumngurumia mtu wala paka. Kwa hiyo mkihamia na huyo Fataki wenu mwenye ujana wa kurukaruka, msiwe na wasiwasi. Sajenti atamtia adabu.

Nilikuwa matroni miaka thelathini na moja, wasichana mia mbili chini ya paa moja. Mbwa wawili hawatanishinda, hata kwa barua.

Mbusu Bonge. Mwambie bibi anarudi kabla hajajua kuvaa viatu peke yake.

Mama yako


11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tulihamia juzi Jumamosi kama tulivyopanga. Fundi amebadilisha balbu zote za nyumba yako bila kuombwa. Mume wangu akiingia mahali lazima aguse waya ndipo ajisikie nyumbani. Bonge amechagua kulala kitandani kwako.

Mimi nimeleta kazi nyumbani. Paa la maktaba lilivuja na vitabu vingi vimelowa, kwa hiyo jioni nakaa kwenye meza yako ya chakula na gundi, uzi na kisu changu cha kukatia majalada. Usijali, natandika magazeti.

Sajenti yuko kwenye mkeka wake. Jana walipishana kidogo na Fataki pale mlangoni, Fundi alipokuwa anaingia. Fataki alirukaruka kumpokea bwana wake akampitia Sajenti kwa nyuma, na Sajenti akamgeukia. Kilichonishangaza ni kwamba hakutoa sauti yoyote. Ilikuwa ghafla tu. Lakini yaliisha, na Fataki amechanika sikio kidogo sana. Kuna jambo lolote asilolipenda ambalo hukunitajia?

Daktari amesemaje kuhusu kidonda? Mama mdogo nikimpigia anasema unaendelea tu.

Hapa shwari.

Mwanao, Shwari


19 Machi

Mwanangu,

Kidonda ni kidonda, kina ratiba yake. Tuongee ya maana.

Hao mbwa hawajapewa sheria, hilo tu. Fahali wawili hawakai zizi moja ikiwa mwenye zizi amelala. Bwenini, wasichana wawili wakigombana, sikuwatenganisha. Niliwaweka sahani moja, nikasimama katikati yao mpaka wamalize. Siku ya tatu walikuwa wanasukana nywele. Fanya hivyo hivyo. Chakula cha Sajenti na cha Fataki kiweke kwenye sinia moja, wewe simama hapo hapo, wajue nani mkubwa.

Na Fataki akijaribu kunguruma, kunja gazeti umpige pua mara moja. Usimwumize, mwaibishe tu. Sajenti alipokuwa mtoto ilimchukua mwezi mmoja kuelewa kwamba nyumbani kwangu hakuna kunung'unika. Wewe hukuhitaji hata wiki. Jina lako ulilipata kwa sababu hiyo: mtu akiuliza mtoto yukoje, jibu lilikuwa shwari.

Jambo jingine dogo. Nipimie upana wa mlango wa choo na wa korido. Mama yako mdogo ana mapazia mazuri hayana kazi. Na hesabu ngazi za barazani: mimi nasema tatu, yeye anasema nne, tunabishana tangu juzi.

Mama yako


28 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, na kwa mwandiko. Nimejikata kiganja kwa kisu cha majalada, kwa hiyo kalamu inakwenda inakotaka.

Mlango wa choo ni sentimita 71. Wa korido ni 80, ila Fundi ameweka pale kigeti kidogo cha mbao, cha muda, kwa ajili ya Bonge. Ngazi ni tatu. Umeshinda.

Sinia moja tumeijaribu. Tutatafuta njia nyingine.

Sajenti anakusalimu. Anakula vizuri. Barua yako ijayo niambie kidonda kimefikia wapi, kwa kweli na si kwa mzaha.

Hapa shwari.

Shwari


2 Aprili

Mheshimiwa mama mkwe,

Shikamoo. Mimi mkweo si mtu wa barua, nimezoea nyaya. Nisamehe nikienda moja kwa moja.

Mke wangu hakujikata na kisu. Aliumwa na mbwa. Ilikuwa Jumapili ya tarehe 24. Aliweka sinia jikoni, akawaita mbwa wote wawili, akasimama kati yao kama ulivyoelekeza. Mimi nilikuwa mlangoni natazama. Fataki akatia mdomo. Sajenti hakunguruma, hakuonyesha jino, hakusimamisha hata unywele mmoja. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesali, mara nikaona yuko shingoni mwa mwenzake. Mwanao akaingiza mkono kuwaachanisha. Alishonwa nyuzi saba. Hatujui lilikuwa jino la nani. Nilichukua ubao wa kupigia pasi nikausukuma kati yao ndipo wakaachana. Bonge alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka pale, ameshika kijiko.

Tangu siku hiyo tunaishi kwa zamu. Sajenti akiwa sebuleni, Fataki yuko uani. Fataki akiingia, Sajenti anafungiwa chumbani kwako. Kigeti cha korido ni kwa ajili yao. Hakuna anayefungua mlango kabla ya kuuliza kwa sauti, "Nani yuko wapi?" na kujibiwa. Bonge hajajua kusema "naomba maji", lakini "nani yuko wapi" anaisema vizuri kabisa, hata akiwa anacheza na wanasesere wake.

Mama, mbwa anayebweka namwelewa. Huyu simwelewi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye kazi yangu waya unaoua ni ule usiotoa cheche. Siwezi kulaza mtoto kwenye nyumba yenye kitu kama hicho.

Daktari wa mifugo atakuja Jumamosi ya tarehe 13. Naomba ridhaa yako Sajenti achomwe sindano ya kulala moja kwa moja. Bila neno lako sitafanya. Lakini mtoto ninaye mmoja.

Naomba pia usimwambie mke wangu kwamba nimekuandikia. Alinikataza. Anasema kidonda hakiponi kwa mtu mwenye mawazo.

Mkweo, Fundi


6 Aprili

Mkwe wangu Fundi,

Marahaba. Naandika nimelala, usishangae mistari ikipanda mlima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nyuzi saba, na ni mimi niliyesema sinia moja. Nimekaa nikilifikiria jambo hilo mpaka mama yako mdogo akaniuliza kama nina homa. Kwa wasichana lilifaulu kwa sababu waliniogopa mimi kuliko walivyochukiana. Mbwa wenu mimi hawanioni.

Lakini ridhaa sikupi. Sajenti si mbwa mbaya. Kama mtoto yuko hatarini, mtafutieni Fataki pa kukaa. Yeye ndiye mgeni. Sajenti nitamhitaji. Nitahitaji kumkuta, basi. Kila asubuhi hapa najiambia: utafika getini, Sajenti atakuja na ule mwendo wake wa kizee, mtaingia pamoja. Asipokuwepo sijui nitaingiaje.

Na hicho kigeti kiondolewe kabla sijarudi. Korido iwe wazi. Usiniulize sababu.

Mwanangu nilimlea asinung'unike. Sikumlea anidanganye. Hilo nitaliongea naye mwenyewe nikija.

Mama mkwe wako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa Fundi. Aliiacha juu ya meza yangu kati ya vitabu viwili, mahali ambapo hata Bonge angeiona. Hajui kuficha kitu, na safari hii nashukuru.

Ndiyo, nilikudanganya. Niliogopa. Naogopa hata sasa. Mkono unapona, vidole viwili bado vina ganzi, na kazi ya maktaba nafanya nusu. Nikisikia kucha za mbwa sakafuni moyo unaruka kabla sijajua ni za nani. Nikiwa kazini nawaza kigeti kimefungwa au hakijafungwa, napiga simu, Fundi anasema kimefungwa, baada ya nusu saa napiga tena. Juzi alipokea tu akasema, "Kimefungwa," bila hata salamu.

Umeniuma uliposema Fataki ni mgeni. Mama, hata mimi niko kwako. Na mimi ni mgeni?

Daktari alikuja jana. Ni mwanamke mrefu, ana kovu dogo kidevuni. Alipoona picha yako ukutani aliweka begi chini, akasema, "Kumbe hapa ni kwa Matroni." Ni msichana wako, mama. Bweni la pili, kitanda cha dirishani.

Hakutoa sindano. Alimwomba Sajenti atembee, akaketi naye sakafuni, akaanza kumbonyeza mgongo kidogo kidogo kurudi nyuma. Alipofika nyonga, Sajenti aligeuza macho, akalamba pua, akatulia. Daktari akasema, "Hapa anaumia sana. Mbwa mwingine angeshaning'ata." Maungio ya nyonga yamesagika, na si jambo la mwezi huu. Kila Fataki anapomparamia kwa furaha ni kama anamchoma kisu, na Sajenti hana namna ya kusema niache. Anavumilia, anavumilia, halafu anauma.

Ndipo akauliza, "Ngurumo yake iko wapi? Mbwa akinguruma anawaonea huruma. Ni heri nusu shari kuliko shari kamili. Nani alimfundisha huyu kunyamaza?"

Nikatazama sakafu. Nikamwambia habari ya gazeti.

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. Akashika tumbo lake upande wa kulia. Alisema, "Mimi niliumwa kidole tumbo bwenini. Siku mbili sikusema, kwa sababu kwetu hakukuwa na kunung'unika. Siku ya tatu nilianguka kwenye foleni ya kuoga. Matroni alinibeba mgongoni mwenyewe hadi zahanati, na alikuwa analia. Mwambie bado namshukuru kwa kunibeba." Halafu akafunga begi lake.

Tumepewa vidonge vya nyonga na masharti. Kila mbwa anakula chumba chake, mlango umefungwa, na vyombo vinaondolewa kabla hawajakutana. Wanatembezwa pamoja, mmoja kila upande wa barabara, Fundi na Sajenti kule, mimi na Fataki huku, tukionekana kama watu waliogombana. Bonge haachwi nao hata kwa dakika moja. Wakishikana, hakuna mkono: ni ubao au blanketi. Na Sajenti akitoa sauti yoyote, asikemewe. Asogezewe nafasi. Inabidi ajifunze upya kusema, na daktari mwenyewe hajui kama mbwa wa miaka tisa anaweza.

Fundi amekubali mpaka tarehe 30. Akiuma tena kimya kimya kabla ya hapo, sindano. Nimekubali na mimi. Usinichukie.

Kigeti hakiwezi kuondoka, mama. Ndicho kinachotulinda.

Shwari


18 Aprili

Mwanangu,

Yule msichana nilimbeba, ni kweli. Alikuwa mwepesi kuliko godoro lake. Njia nzima nilikuwa namfokea: kwa nini hukusema, kwa nini hukusema. Na yeye mgongoni kwangu anasema, "Samahani, Matroni." Nimekaa miaka ishirini nikiisimulia hadithi hiyo kama hadithi ya ushujaa wangu.

Na Sajenti. Alikuwa na miezi mitatu. Alinguruma nilipomgusa chakula, sauti ndogo kama ya cherehani. Nikakunja gazeti. Baada ya mwezi alinyamaza, nikawaita majirani waje waone mbwa mwenye adabu. Hakuwa na adabu. Alikuwa ameacha kuniambia mambo.

Sikujua kuhusu nyonga. Mwaka jana alianza kupanda ngazi za barazani kwa upande, nikasema anaringa.

Wewe si mgeni. Niliandika nikiwa na hasira na hofu, na hofu ikishika kalamu haijui mwana ni nani. Fataki abaki. Mkono wako usiushughulishe na gundi mpaka vidole viamke.

Fuateni masharti ya daktari, yote. Hata hicho kigeti. Ila nitafutieni namna ambayo korido itabaki wazi, hata kama ni kukisogeza. Nakuomba hilo tu.

Mguu unaendelea.

Mama yako


26 Aprili

Mama,

Amenguruma.

Ilikuwa jana alasiri. Nilikuwa mezani nabana jalada, Sajenti amelala kwenye mkeka upande wake wa kigeti, Fataki upande wetu. Fataki akaenda akatia pua kwenye upenyo wa mbao, kama anavyofanya kila siku, mkia unamchezacheza. Sajenti akainua kichwa. Nikashika ubao. Kisha nikasikia sauti, chini chini, kama kiti kizito kinaburutwa nyumba ya jirani. Bonge akasema, "Gari."

Halikuwa gari. Fataki alisimama, akageuza uso pembeni, akarudi nyuma hatua mbili. Hatua mbili tu, akakaa. Nikamwita nikampa kipande cha nyama. Sajenti akashusha kichwa akalala. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo. Nimelia mpaka gundi ikakauka kwenye brashi.

Nilimpigia Fundi akiwa juu ya nguzo. Akauliza, "Amesema?" Nikamwambia amesema. Kisha akaniambia nisimpigie akiwa juu ya nguzo.

Sasa nina jambo la kukuuliza. Jana jioni nilimwonyesha Fundi barua zako zote, nikamwuliza mama ana nini na korido. Alisoma ile ya tarehe 19, akarudia vile vipimo. Aliwahi kuweka umeme kwenye wodi mpya za hospitali. Akasema, "Sabini na moja hakipiti." Nikamwuliza nini hakipiti. Akainuka kwenda kumlisha Fataki, na hakuwa amefika muda wa kumlisha.

Nimempigia mama mdogo. Amesema unaendelea, kisha akakata simu kabla ya kuniuliza hali ya mtoto. Hajawahi kufanya hivyo.

Mama, mlango ulikuwa wa pazia kweli? Sitaki jibu la shwari.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Walikata tarehe 21 Machi. Wa kushoto, chini ya goti. Barua ya sinia niliiandika nikiwa nimeshatia sahihi ya kukubali, na karatasi ya hospitali ilikuwa mezani pembeni ya karatasi yako.

Mama yako mdogo usimlaumu, nilimwapisha. Nilitaka mnione mara moja tu: gari linasimama, nashushwa, mnashtuka, mnamaliza. Kama kung'oa jino. Nilidhani nikikuandikia utaacha kazi, utaacha mtoto, utapanda basi kuja kunitazama nikiwa sina mguu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani nitawashinda wahenga kwa kujua vipimo vya milango.

Nikuambie basi, kwa kuwa hata mbwa ameweza. Naogopa. Naogopa korido yangu mwenyewe. Naogopa Bonge atanikimbia. Naogopa Sajenti hatanijua, maana nanuka dawa na nakuja kwa magurudumu, na mbwa mwenye maumivu hapendi kitu kinachomjia kwa magurudumu. Na inauma, mwanangu. Mguu uliopo hauna neno. Ule ambao haupo ndio unaouma, kwenye vidole, na hakuna pa kukuna.

Sijawahi kumwandikia mtu maneno haya. Nimeyasoma tena na mkono umetaka kuyafuta.

Mama yako


3 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimekasirika. Nimekasirika sana, na nakuandikia nikiwa na hasira hiyo hiyo, sikusubiri ipoe. Ulilala hospitali ukakatwa mguu wakati mimi nakupimia pazia. Nilikuwa naye Sajenti hapa chini ya meza, namwambia mama anarudi amepona. Ulinifanya nimdanganye hata mbwa. Ningekuja, ndiyo. Ningepanda basi na mkono wangu wenye nyuzi, na ungeuona, na tungelia wote wawili, na ingekuwa haki yetu. Ulininyima.

Na mimi nilikunyima habari ya mkono. Hilo nalijua. Hasira yangu nyingine ni ya kwangu mwenyewe.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini mengine nitayasema uso kwa uso.

Sasa sikiliza. Fundi ametoa fremu ya mlango wa choo na kuongeza sentimita kumi na nne. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Kigeti hakipo tena koridoni. Amekihamishia mlango wa jikoni, ambako Fataki anakaa wakati wa kula. Korido yote ni yako. Barazani ngazi hazionekani, zimefunikwa na ubao mpana wenye mteremko, na yeye mwenyewe ameupanda na kuushuka amebeba mfuko wa saruji ili ajiridhishe.

Ameazima pia kiti cha magurudumu kule wodini, na kila jioni tunamsukuma Bonge humo kutoka barazani hadi chumbani kwako ili mbwa wakizoee. Mmoja mmoja, si pamoja. Fataki anakifuata kama kimebeba mfupa. Sajenti siku ya kwanza alikingurumia. Tulisimama pale pale, tukamwachia nafasi, hatukumwambia kitu. Siku ya pili alikinusa magurudumu. Jana aliweka kidevu mahali pa kuwekea miguu akalala, na Bonge akakataa kushuka.

Tarehe 30 imepita. Fundi hakutaja sindano. Asubuhi hiyo, akitoka kwenda kazini, alimkuna Sajenti nyuma ya sikio akidhani simwoni.

Bado tunauliza "nani yuko wapi" kabla ya kufungua mlango. Daktari anasema huenda tukauliza hivyo maisha yao yote, na kwamba kuna nyumba nyingi zinaishi hivyo na watu wake wanacheka. Bado naogopa. Lakini sasa naogopa kitu ninachokisikia.

Njoo. Na usiniandikie tena kwamba mguu unaendelea. Niandikie unaumwa wapi.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Ngurumo nimeisikia, hata kwa sikio lililokufa. Nimerudi nyuma hatua mbili, kwa magurudumu, nikagonga kabati la mama yako mdogo na kuvunja kikombe.

Naumwa hapa: kwenye kidole gumba cha mguu usiopo, asubuhi zaidi. Kwenye mabega, kwa kujisukuma. Moyoni, kwa ajili ya kiganja chako. Kiti hiki ni kigumu. Godoro la hapa lina shimo. Chai ya mama yako mdogo haina sukari, na nimeinywa miezi miwili nikisema ni tamu. Jana nimemwambia ukweli. Amelia kidogo, kisha akaleta kopo la sukari, akasema naye chai hiyo hakuwahi kuipenda.

Nakuja Ijumaa. Dereva atanishusha getini mwenyewe. Usije kunipokea na mkono huo, na usimwache Fundi anibebe. Ubao wake nataka kuupanda kwa nguvu zangu, polepole, hata ikichukua saa nzima.

Nikifika nitauliza kwa sauti, nani yuko wapi. Mnijibu wote. Na Sajenti akinijibu kwa kunguruma, msimnyamazishe. Nitasubiri hapo hapo getini mpaka aniruhusu niingie.

Mama yako